Chama cha Kati na Mizani ya Haki

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ndugu msomaji, majirani wawili wanapogombana, wa tatu hupendwa na wote. Kila mmoja humvuta upande wake, na mtaa uliochoka na kelele humtarajia alete utulivu. Siasa nayo ni hivyo hivyo. Nchi ikigawanyika pande mbili, hutokea kundi la tatu likasema: sisi hatumo katika ugomvi huo. Natuyatazame yaliyopita Zanzibar, tupate mazingatio.

Baada ya uchaguzi wa 1957 visiwa viligawanyika baina ya Hizbu, yaani ZNP, na Afro-Shirazi. Wazee wetu wakaziita zama za siasa. Watu waliokuwa wakisimama safu moja msikitini walisusiana maduka, harusi, hata maziko. Fikiri, ewe ndugu yangu: Muislamu anaacha kumzika Muislamu mwenziwe kwa ajili ya kura!

Katika hali hiyo, mwaka 1959 baadhi ya viongozi wa Kishirazi, akiwemo Muhammad Shamte, walitoka Afro-Shirazi wakaunda chama cha ZPPP. Nguvu zake zaidi zilikuwa Pemba. Si vigumu kufahamu kwa nini kilipendwa. Walikuwapo walioiona Hizbu kuwa ni ya Waarabu, na Afro-Shirazi kuwa ni ya watu wa bara, nao wakataka pahala pao wenyewe.

Januari 1961 viti vilikuwa 22. Afro-Shirazi ikapata 10, Hizbu 9, na ZPPP 3. Kidogo kuliko vyote ndicho kilichoshika ufunguo! Lakini watatu wale hawakuweza kukaa pamoja. Wawili walikwenda Hizbu, mmoja akaelekea Afro-Shirazi, ikawa 11 kwa 11, na serikali haikuundika. Uchaguzi ukarudiwa Juni, kiti kimoja kimeongezwa, na safari hii ZPPP imekwisha fungamana na Hizbu. Siku ya kura fujo zikazuka Unguja. Roho 68 zikapotea. Viti vikawa 10, 10 na 3, na Shamte akawa mkuu wa serikali.

Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata kiasi cha asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31. Hizbu ilipata 12 na ZPPP 6, wakatawala pamoja. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba. Tarehe 12 Januari 1964 yakatokea mapinduzi, na damu nyingi ikamwagika.

Sikusudii kumhukumu aliyetangulia mbele ya haki; hesabu yake iko kwa Mola wake. Wala sisemi kuwa ZPPP ndiyo iliyoleta yote hayo. Ninalouliza ni hili: aliyesimama kati alisimama kwa kazi gani? Katika Suratul-Baqara Mwenyezi Mungu ametuita umma wa wasat, na wanavyuoni wameufasiri wasat kuwa ni uadilifu. Na katika Suratul-Hujurat tumeamrishwa kuyapatanisha makundi mawili ya waumini yanapopigana, na tupatanishe kwa haki. Basi ukati ni amana. Anayesimama kati ili apime nani atampa zaidi huongeza uzito upande mmoja, na ule wa pili hubaki na chuki yake.

Zanzibar ilipotafuta maridhiano baadaye, hayakuletwa na chama cha tatu. Mahasimu wawili wenyewe walikaa kitako wakazungumza mwaka 2009, na Julai 2010 wananchi, kiasi cha thuluthi mbili ya waliopiga kura, wakakubali serikali ya pamoja. Nayo ilitikisika baada ya uchaguzi wa 2015, kwani suluhu hutaka kutunzwa kila siku.

Nawe, msomaji, ukiitwa kati ya ndugu wawili, kati ya mume na mke, kati ya jirani na jirani, jiulize kwanza: nimekuja kupatanisha, au nimekuja kutafuta changu?

Mola atujaalie kuwa waadilifu. Amin.