Mkono wa daktari wa macho hujifunzia wapi?

Wiki hii mama mmoja mkimbizi, anayelala na wajukuu kwa jamaa zake hapa Kirotshe, aliniita kando baada ya kipindi. Macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Ameambiwa yanaweza kupasuliwa, lakini anaogopa kwamba jicho lake litakuwa la kujifunzia la munganga kijana.

Ndugu msikilizaji, woga huo ni wa tangu zamani, na una sababu. Kwa karne nyingi wapasuaji walichoma jicho kwa sindano na kuisukuma lenzi iliyochafuka ndani zaidi. Mgonjwa aliona kidogo, kisha wengi wakapofuka kabisa. Mwaka 1747 Mfaransa Jacques Daviel aliitoa lenzi yenyewe. Mwaka 1949, kule London, Harold Ridley akaweka ya plastiki mahali pake. Husimuliwa kwamba mwanafunzi aliyekuwa akitazama upasuaji ndiye aliyemuuliza kwa nini harudishi lenzi nyingine. Basi wanafunzi nao wana faida yao.

Katika nchi zetu hutumika sana mpasuko mdogo unaojifunga wenyewe, bila uzi wala mashine ya bei kali. Ugumu uko kwenye ngozi nyembamba iliyo nyuma ya lenzi: mkono mpya ukiichana, jicho liko hatarini. Na kwa miaka mingi mkono mpya ulijifunzia hapohapo, kwa mtu aliye hai, mwalimu akiwa kando.

Ndipo walimu kadhaa wakajaribu njia nyingine. Walichukua madaktari wanafunzi 50 wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zimbabwe. Nusu walipelekwa mapema Cape Town, wakafundishwa siku 5 kwa macho ya bandia, wakirudia kila hatua. Wengine walingoja mwaka mzima. Matokeo yalitoka mwaka 2021: katika mwaka huo, waliotangulia walichana ile ngozi chini ya mara 8 katika kila wagonjwa 100, waliongoja, karibu mara 27. Nilisoma mara mbili.

Kongo haikuwa katika hesabu hiyo. Ila sisi tunajua maana ya kufundisha wakati wa shida. Goma, hospitali iliyoanzishwa mwaka 2000 na Daktari Jo Lusi na mke wake Lyn, ambayo leo ni HEAL Africa, ilikusudiwa kufundisha madaktari Wakongomani. Januari 2002 moto wa Nyiragongo uliimeza. Ikajengwa tena.

Nilimsomea mama hesabu zile. Akataka nirudie ile ya 8, akanyamaza. Halafu akaniomba nimtafutie jibu la jambo moja kabla ya kupanda gari: kijana atakayemshika amerudia mara ngapi kwa jicho la bandia, na je, mkubwa wake atabaki chumbani hadi mwisho?

Kesho nitauliza.