Karani na Mtunzi: Nafsi Mbili za Shaaban Robert



Mtu aajiriwapo hukabidhiwa, pamoja na kazi, lugha ya kuifanyia. Katika Tanganyika ya Waingereza, karani wa Kiafrika alitakiwa awe mtiifu, mwangalifu wa majalada na mpole wa kauli mbele ya wakubwa wake. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, aliivaa nafsi hiyo tangu 1926 alipoanza kazi ya forodha Pangani, akatumikia serikali katika idara mbalimbali kwa zaidi ya miaka 30.

Ni rahisi kumhukumu kwa ajira hiyo. Ni rahisi vilevile kumtetea kwa barua alizomwandikia nduguye, Yusuf Ulenge, kati ya 1931 na 1958, ambazo M. M. Mulokozi alizihariri na TUKI ikazichapisha mwaka 2002. Humo tunakutana na mtu wa jamaa, na mwandishi anayehangaikia hatima ya miswada yake. Twashawishika kusema kwamba huyu ndiye Shaaban wa kweli, na yule wa ofisini alikuwa kinyago.

Isimujamii yatutaka tahadhari. Barua ya nyumbani nayo ina rejesta yake: kaka amwandikiapo mdogo wake hubeba wajibu wa ukubwa. Hali kadhalika tenzi mbili alizowatungia bintiye na mwanawe, zilizomo katika Maisha Yangu, zinasema kwa sauti ya baba anayeusia. Faragha pia ina sare yake.

Nafsi hizo mbili zakutana, kwa maoni yangu, katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, mtunzi akiwa bado mtumishi wa serikali. Karama ashitakiwa na Waziri Mkuu Majivuno kwa kufundisha uanasheria. Katika utetezi wake asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali, wakarejea na mapendekezo yenye manufaa, wakatiwa gerezani. Mashtaka, utetezi, taarifa zisizopendwa na wakubwa: hayo ni mambo ambayo mtu aliyeishi miongoni mwa majalada angeyafahamu vyema. Ofisi ilimpa umbo la hadithi. Dhamiri ilimpa la kusema. Karani hakumficha mtunzi. Alimfundisha mahali pa kusimama.

Funzo hili lina uzito kwa historia yetu. Majalada ya serikali ya kikoloni yana nyaraka za taifa za kuyahifadhi. Barua za makarani, walimu na wakalimani zimo katika masanduku ya jamaa, pamoja na mchwa. Zikipotea, watu hao watabaki wakishuhudiwa na maneno waliyowaandikia mabwana zao tu, na wajukuu watawahukumu kwa nusu ya ushahidi.