Mzee wa Hanford na Miezi Mitano ya Kuoshwa

Harold McCluskey alikuwa na miaka 64, umri ambao wengi huwa wameanza kuhesabu siku za kustaafu, mtungi ulipomlipukia usoni. Ilikuwa zamu ya usiku, Agosti 30, 1976, katika kiwanda cha plutoniamu cha Hanford, jimbo la Washington, Marekani. Wafanyakazi walikuwa wamerudi kazini baada ya mgomo wa miezi kadhaa, na muda wote huo resini iliyonasa amerisiamu ilikuwa imekaa mtungini bila kuguswa. Asidi ya nitriki ilipopitishwa, mtungi ukapasuka. Asidi, vioo na vipande vya chuma vilimpiga usoni na shingoni, na hewa ya chumba kile ikajaa vumbi la amerisiamu. Alilivuta.

Amerisiamu si kitu kigeni kabisa. Chembe zake chache mno zimo katika vile vifaa vya kutambua moshi vinavyotundikwa darini. Miale yake ya alfa haipenyi hata ngozi. Hatari iko pale amerisiamu yenyewe inapoingia mwilini, kwa kuwa hukimbilia mifupa na ini, na huchukua miaka 432 nguvu yake kupungua nusu. McCluskey alipata takribani mara 500 ya kiwango ambacho mfanyakazi aliruhusiwa kukipata maishani mwake mwote.

Mwenzake alimtoa; McCluskey akavuliwa nguo, akaoshwa, kisha akapelekwa mjini Richland kwenye kituo maalumu cha dharura. Hapa ndipo panaponivutia zaidi katika kisa hiki. Kituo kilikuwepo tayari. Kilikuwa na kuta nene za zege, vyumba vya kuoshea na mpangilio wa kumtibu mtu ambaye mwili wake wenyewe ulikuwa chanzo cha mionzi. Hakuna aliyehitaji kukimbia huku na huku akitafuta funguo.

Matayarisho hayo yalilipiwa na wengine. Katika miaka ya 1920, wasichana waliopaka rangi ya radiamu kwenye saa huko Orange, New Jersey, waliambiwa wachonge ncha ya brashi kwa midomo. Taya zao zilioza. Kutokana na miili yao, mwaka 1941 Marekani iliweka kiwango cha juu cha radiamu ambacho mfanyakazi angeweza kubaki nacho mwilini: sehemu moja ya kumi ya maikrogramu. Plutoniamu ilipoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1944, wanasayansi wakiongozwa na tahadhari ya mkemia Glenn Seaborg walianzia kwenye hesabu hiyo. Hanford, chini ya Herbert Parker, msimamizi wa kinga dhidi ya mionzi, ikawa na watu ambao kazi yao ilikuwa kupima wenzao: mikono na miguu kabla ya kutoka, beji za filamu vifuani, mkojo maabarani.

Wakati huohuo, sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani wa bomu la atomiki ilitoka Shinkolobwe, Katanga, huko Kongo, ambako wachimbaji wa Kikongo waliichambua kwa mikono. Utaratibu wa Hanford wa kupima na kuosha haukusafiri kurudi upande ule. Mawe yalivuka bahari na kupewa walinzi. Walioyachimba walibaki na vumbi lake.

Huko Richland, Dakta Bryce Breitenstein na timu yake walimwanzishia McCluskey dawa iitwayo DTPA saa chache tu baada ya ajali. Dawa hiyo hushika metali ndani ya damu kama kaa anavyobana kwa gando, kisha figo huitoa kwa mkojo. Ilikuwa bado ya majaribio, na aina yake yenye zinki ilibidi iombewe kibali maalumu. Alioshwa kila siku, akanyolewa, vipande vikachomolewa ngozini, kila alichokitoa mwilini kikapimwa. Wauguzi walimhudumia wakiwa wamevaa mavazi ya kinga. Ilichukua karibu miezi mitano kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, na dawa iliendelea kwa miaka kadhaa baadaye.

Nyumbani kulikuwa na kazi ambayo hakuna mwongozo ulioiandika. Marafiki walimkwepa, na hata kanisani ilibidi mchungaji awaambie waumini kwamba kukaa karibu naye hakuna madhara. Kwa maoni yangu hilo nalo lilistahili kuwa sehemu ya mpango wa dharura: mtu wa kwenda kuongea na majirani mapema, mgonjwa akiwa bado wodini. McCluskey alifariki mwaka 1987, akiwa na miaka 75, kwa ugonjwa wa moyo aliokuwa nao tangu kabla ya ajali. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha rasmi DTPA, kwa sehemu kutokana na yale yaliyoonekana kwake.

Chumba cha ajali kilifungwa, wafanyakazi wakakiita kwa jina lake. Wabomoaji walikifikia mwaka 2017, na mwaka huohuo, jengo kubwa la kiwanda likiwa linabomolewa, chembe za mionzi zilipeperuka nje ya mipaka iliyowekwa. Vipimo vilionyesha zimeingia katika miili ya wafanyakazi 42, kwa kiasi kidogo. Kazi ilisimamishwa mwezi Desemba. Chembe nyingine zilikutwa kwenye magari binafsi ya wafanyakazi, yale ambayo huendeshwa kwenda nyumbani zamu inapoisha.