Simbakubwa: Mnyama Aliyesahaulika kwa Droo

Wasee, kuna jina moja la kisayansi ambalo hata shosho wako ataelewa bila kufafanuliwa: Simbakubwa kutokaafrika. Ndiyo, hivyo tu. Kwenye sayansi mnyama hupewa jina la maneno mawili, kwa hivyo "kutoka Afrika" ikabidi ibanwe iwe neno moja. Majina mengi ya wanyama wa kale ni Kilatini na Kigiriki. Huyu ni Kiswahili mtupu, na ni wa hapa kwetu.

Sasa sikia alivyopatikana. Miongo kadhaa iliyopita, watafiti walichimba mahali panapoitwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya. Walikuwa wanasaka mabaki ya jamii ya sokwe wa kale, ndugu wa mbali wa binadamu. Katika kuchimba wakatoa pia taya kubwa, meno na vipande vya mifupa ya mnyama mla nyama. Vikapelekwa makavazi ya Nairobi, vikawekwa kwa droo, na hakuna aliyevishughulikia sana. Miaka ikapita. Ni mpaka Matthew Borths na Nancy Stevens, watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Ohio, Marekani, walipovitazama upya ndipo wakagundua ni mnyama ambaye hajawahi kupewa jina. Walimtangaza mwaka wa 2019.

Tafakari hapo kidogo. Mnyama aliishi miaka milioni 22 hivi iliyopita, akafa, akageuka jiwe, akachimbuliwa, halafu akasahaulika mara ya pili. Safari hii tena hakuwa chini ya udongo. Alikuwa Nairobi, mjini, ndani ya kabati.

Na kumbe hata si simba! Si fisi pia, ingawa kundi lake linaitwa haiyenodonti, jina linalomaanisha "meno ya fisi". Hilo ni kundi tofauti kabisa, na leo halina hata mzao mmoja aliye hai. Ushahidi uko kwa meno. Simba wa leo ana jozi moja tu ya meno ya kukata nyama kila upande wa mdomo, yale yanayofanya kazi kama makasi. Simbakubwa alikuwa na jozi tatu kila upande. Ongeza chonge zenye ukubwa wa ndizi. Huyo hakuwa mtu wa majani.

Hapa lazima niwaseme wenzangu wa kontenti. Kila video utasikia, "Alikuwa na uzito wa kilo 1,500!" Ukweli ni kwamba hakuna mifupa ya mwili mzima. Watafiti walikadiria kutokana na meno, na hesabu tofauti zilileta majibu tofauti kabisa: ya chini karibu kilo 280, ya juu ndiyo hiyo 1,500 na kitu. Hata hiyo ya chini inampita simba dume wa kawaida. Sasa mbona udanganye? Ukweli wenyewe tayari unatisha.

Je, walienda wapi? Kwa mamilioni ya miaka, Afrika ilikuwa imetengwa na bahari, na haiyenodonti ndio waliokuwa wababe wa nyama hapa. Halafu ardhi ikasogea, Afrika na Arabia zikaungana na Asia, na wanyama wakaanza kuvuka pande zote mbili. Jamaa za Simbakubwa wakafika hadi Ulaya na Asia. Mababu wa paka na fisi nao wakaingia kwetu. Hali ya hewa ikabadilika, misitu ikapungua, mbuga zikapanuka. Wanasayansi bado wanabishana ni kipi hasa kilichowamaliza, lakini jambo moja linaeleweka: mnyama mkubwa anayetegemea nyama peke yake huwa wa kwanza kuumia windo likipungua. Ubabe haukuwasaidia.

Maoni yangu ni haya. Sisi Wakenya tumezoea kujisifu kuwa nchi yetu ni chimbuko la binadamu. Sawa, tuna haki. Mwaka wa 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya ambaye hakufika hata sekondari, aliona kipande kidogo cha fuvu huko Nariokotome, na kikatupatia Kijana wa Turkana, mwenye umri wa miaka milioni 1.5 hivi. Mimi niliyeacha chuo nikiwa njiani, huyo mzee namheshimu sana. Alikuwa na jicho.

Lakini ukisaka binadamu peke yake, utaona binadamu peke yake. Simbakubwa alikaa kwa droo kwa sababu watu walikuwa wanatafuta kitu kingine. Historia ya hapa haikuanza na sisi. Tuliikuta ikiendelea, na wenyeji wake wa zamani walikuwa na meno kama makasi.

Wengi wetu hupita Museum Hill kwa matatu kila siku, simu mkononi, tukitazama dainosari wa filamu za Marekani. Makavazi yako hapo juu tu, dakika chache kwa miguu. Shuka siku moja, uingie. Na kama uko shule na unapenda mambo ya mifupa, usikubali kuambiwa hiyo si kazi. Hao wawili walitoka Ohio kuja kufungua droo iliyo Nairobi. Ijayo ifunguliwe na msee wa hapa.