BRASHI YA MFALME (Sehemu ya Tatu)

ILIPOISHIA: Hans Holbein, mzaliwa wa Augsburg, amemwacha mkewe na watoto Basel na kurudi London kutafuta riziki. Sasa ni mchoraji wa Mfalme Henry VIII, na Malkia Jane Seymour amefariki baada ya kujifungua.

ENDELEA...

Mfalme alitaka mke, ila hakutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Machi 1538 Holbein akatumwa Brussels kumchora Christina wa Denmark, mjane wa miaka 16. Alipewa muda wa saa tatu tu. Picha ilimfurahisha Mfalme, lakini posa haikufika popote.

Agosti 1539 Holbein akaingia Düren, Ujerumani, kuwachora mabinti wawili wa ukoo wa watawala wa Cleves, Anne na mdogo wake Amalia. Wajumbe wa Uingereza walikuwa wamelalamika kwamba mavazi ya mabinti hao yaliwaficha mno.

Alimchora Anne juu ya ngozi laini, nyepesi kusafiri nayo. Akamweka ametazama mbele moja kwa moja, mikono imekutana tumboni. Gauni jekundu la mahameli, utepe wa dhahabu, lulu za kwenye kilemba: kila kitu kilipata haki yake. Uso ukabaki mtulivu, bila tabasamu. Naamini kabisa mkono ule haukudanganya. Holbein hakuwa mtu wa kumvika yeyote kilemba cha ukoka. Hata macho madogo ya Mfalme aliyachora yalivyo.

Balozi Nicholas Wotton akaandika kwamba sura zimetoka kama zilivyo. Thomas Cromwell, waziri aliyeisukuma ndoa hiyo, akapumua.

Siku ya Mwaka Mpya 1540 Anne alikuwa Rochester, njiani kwenda London, akitazama dirishani mbwa wakipambanishwa na fahali. Ghafla wakaingia wanaume waliojigeuza mavazi. Mmoja, pande la mtu, akamkumbatia na kumbusu. Anne hakumjua. Akamjibu kwa maneno machache, akarudi dirishani kwake.

Yule mtu akatoka. Aliporudi alikuwa amevaa mahameli ya zambarau, na mabwana wote chumbani wakainama. Hapo ndipo Anne alipojua amempa mgongo nani.

Henry akaondoka Rochester amenuna. Wanaume wawili walikuwa wamemhakikishia uso ule, mmoja kwa brashi, mwingine kwa ulimi. Kabla ya Agosti, kichwa cha mmoja wao kitakuwa kimeanguka chini ya shoka.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO