Kabla hujanunua antena: Jinsi ya kusoma na kubadili vipimo vya nguvu ya mtandao

Simu inaonyesha vijiti viwili. Muamala umekwama, mteja amesimama dirishani pa kibanda, na fundi anasema dawa ni antena ya nje tu. Kabla pesa haijatoka mfukoni, kuna namba moja ya kuangalia kwanza.

Vijiti vya mtandao havina kipimo kimoja. Kila kampuni ya simu huamua yenyewe vijiti vitatu maana yake nini, ndiyo maana simu mbili zenye laini ya mtandao uleule, zikiwa juu ya meza moja, zinaweza kuonyesha vijiti tofauti. Kipimo cha kweli kimejificha ndani ya simu.

Namba hiyo iko wapi?

Kwenye simu nyingi za Android, ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, halafu hali ya SIM. Utaona nguvu ya mawimbi imeandikwa mfano "-95 dBm 45 asu". Kwenye iPhone, piga *3001#12345#* na ukurasa wa majaribio utafunguka.

dBm ni nini?

Ni desibeli zinazopimwa kwa kulinganisha na miliwati moja. 0 dBm ni miliwati 1 kamili. Juu ya hapo namba ni chanya, chini ya hapo ni hasi. Kwa kuwa mawimbi yanayofika kwenye simu ni dhaifu mno, namba yake huwa hasi. Kwa hiyo -85 ni nzuri kuliko -110, ingawa wengi husoma kinyume.

Jina desibeli linatokana na Alexander Graham Bell, na kipimo chenyewe kilianzia kwa wahandisi wa simu wa Marekani miaka ya 1920. Walikuwa wanatafuta njia rahisi ya kuhesabu sauti inavyopungua kwenye nyaya ndefu.

Kubadili dBm kuwa wati bila kikokotoo

Shika kanuni mbili tu:

- Ukiongeza 10, nguvu inakuwa mara 10.
- Ukiongeza 3, nguvu inakuwa karibu mara 2.

Ukipunguza, unagawanya badala ya kuzidisha. Kwa hiyo:

- 30 dBm = wati 1
- 23 dBm = miliwati 200, kiwango cha juu cha kawaida ambacho simu ya 4G hurusha
- 20 dBm = miliwati 100
- 0 dBm = miliwati 1
- -30 dBm = sehemu moja ya elfu ya miliwati
- -90 dBm = sehemu moja ya bilioni ya miliwati

Mwenye kikokotoo atumie hii: dBm = 10 × log ya miliwati.

ASU: hapa ndipo wengi wanapopotea

ASU ni namba nyingine ya kitu kilekile, lakini hubadilishwa tofauti kulingana na aina ya mtandao:

- 2G: zidisha ASU kwa 2, kisha toa 113.
- 4G: chukua ASU, toa 140.

Angalia inavyoleta shida. ASU 20 kwenye 2G ni -73 dBm, mtandao umekolea. ASU 20 hiyohiyo kwenye 4G ni -120 dBm, mtandao uko karibu kukata roho. Mtu akikwambia "hapa ASU ni 20", muulize kwanza: ya 2G au ya 4G? Na usilinganishe dBm ya 2G na ya 4G moja kwa moja, kwa sababu hazipimi kitu kwa namna moja.

Kwa makadirio, kwenye 4G namba iliyo juu ya -90 ni nzuri, kati ya -90 na -105 inafanya kazi, na chini ya -110 tegemea kukwama.

Antena: dBi na dBd

Hapa ndipo pesa inapopotea. Nguvu ya antena huandikwa kwa dBi au dBd, na 1 si sawa na 1. Kanuni: dBi = dBd + 2.15. Antena ya "10 dBd" na ya "12 dBi" ni karibu kitu kimoja, kwa hiyo usilipe zaidi kwa sababu ya namba kubwa kwenye boksi.

Pia uliza kuhusu waya. Antena ya 12 dBi huongeza nguvu karibu mara 16. Lakini kama waya mrefu wa bei rahisi unakula 6 dB njiani, kinachobaki ni 6 dB, yaani mara 4 tu.

Na dishi la TV?

Mita za mafundi wa TV husoma dBµV. Kwa waya wa TV wa omu 75, toa 108.75 kupata dBm. Hivyo 60 dBµV ni -48.75 dBm.

Kosa la kuepuka

dB unaweza kuijumlisha na dBm, lakini dBm mbili hazijumlishwi. Vyanzo viwili vya 20 dBm kila kimoja ni miliwati 100 na 100, jumla 200, yaani 23 dBm. Si 40 dBm, ambayo ni wati 10.

Jaribio la bure

Soma namba ndani ya kibanda, kisha toka nje usome tena, simu ikiwa kwenye 4G mara zote mbili. Kama ndani ni -112 na nje ni -98, tofauti ni 14 dB. Nje kuna nguvu mara 25. Hapo tatizo ni ukuta au bati, na kusogeza meza au kuweka ruta dirishani kunaweza kutosha.

Kama nje nako ni -112, antena nzuri ina sababu ya kununuliwa. Na kama namba ni -80 lakini muamala bado unakwama, usinunue chochote: mawimbi yapo, tatizo liko kwingine, labda msongamano kwenye mnara, na antena haitapunguza foleni hiyo.