Goti limevimba lakini haliumi? Usilikande!

Wadau, leo tuongelee jambo lisilosemwa sana: magonjwa ya viungo kwa ndugu zetu walioumia uti wa mgongo, wale wa ajali za bodaboda na wale walioanguka toka juu ya miembe na minazi.

Mimi goti likivimba, maumivu ndiyo yatanipeleka hospitali. Wao, chini ya pale walipoumia, kengele hiyo mara nyingi haipo. Kiungo kinaweza kujaa usaha huku mtu anapiga stori kama kawaida. Kwa hiyo inabidi macho na mikono vifanye kazi ya maumivu. Linganisha miguu yote miwili kila siku: upi umevimba, upi una joto, upi umebadilika rangi. Homa, au misuli kuanza kukakamaa kuliko siku zote, navyo ni dalili.

Inaweza kuwa nini?

1. Usaha kwenye kiungo. Bakteria hupita kwenye damu, au hutoka kwenye kidonda cha kulalia kilicho jirani, hasa nyongani. Hii ni dharura, kiungo huharibika ndani ya siku chache.

2. Gauti. Chembe za asidi ya yuriki zinajikusanya ndani ya kiungo. Kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kawaida wakati kiungo kimewaka.

3. Baridi yabisi. Kinga ya mwili inashambulia viungo vyake yenyewe. Kwa mtu wa wilicheya, mabega na mikono ndiyo miguu yake. Vikiharibika hivyo, hata kujihamisha kitandani anahitaji mtu.

4. Vinavyofanana na hayo: damu kuganda mguuni, mfupa kuvunjika kimyakimya (mifupa ya miguu isiyotembea hudhoofu), au mfupa kuota ndani ya nyama kuzunguka nyonga, mara nyingi katika miezi 6 ya kwanza.

Sasa hapo ndipo watu wetu wanapokimbilia kukanda na maji ya moto. Acheni! Damu iliyoganda inaweza kung'oka ikaenda mapafuni, mfupa uliovunjika utazidi kusogea, na maji yatamuunguza bila yeye kusikia.

Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Eksirei na altrasaundi zitasaidia, lakini kinachotofautisha usaha na gauti ni sindano ya kuvuta maji ya kiungo yakapimwe. Uliza kama itafanyika, usione aibu.

La mwisho: aliyeumia shingo au sehemu ya juu ya kifua, kichwa kikimgonga ghafla na jasho linamtoka, presha inaweza kuwa imepanda vibaya sana. Mkalishe wima, legeza nguo, angalia mpira wa mkojo kama umejikunja, kisha kimbia hospitali.

Nawasilisha. Mwenye la kuongeza atupie hapo chini.